Maganda ya Komamanga Juu ya Paa la Bi Tatu

Jana nilikaa barazani nikawatazama mkila komamanga. Hongereni, meno mnayo. Mlikula punje, mkatemea mbegu ukutani kwangu, kisha maganda mkayatupa jalalani kwa mkono wa kushoto kana kwamba mnafukuza kuku. Mimi si mtu wa kugombana na watu wanaokula. Lakini maganda yale, wajukuu zangu, yalinirudisha nyuma miaka mingi, mpaka siku niliyoiba.

Ndiyo, niliiba. Fungeni midomo, nzi wataingia. Babu yenu huyu anayewakemea mkichelewa kuamka aliiba maganda ya komamanga. Si komamanga lenyewe, maganda tu. Na wizi ule nusura uniondolee mtoto wangu wa kwanza.

Ninyi mnanijua kama mzee wa kuunga viatu vyenu vilivyoachia, na mnaleta hata vya plastiki, jambo ambalo nimelisamehe. Wakati wa Mwingereza, hapa hapa Tabora, nilikuwa fundi wa ngozi. Sikuwa nashona tu. Ngozi yenyewe niliitengeneza, kuanzia inapotoka kwa mchinjaji ina damu na manyoya mpaka inakuwa kubadhi ambalo bwana harusi anaweza kulivaa mbele ya wakwe. Aliyenifundisha ni Fundi Songoro, mzee mfupi mwenye sauti ndefu, ambaye karakana yake ilinuka kiasi kwamba wageni hawakuhitaji kuelekezwa njia.

Nitawapa kazi yenyewe kwa ufupi, maana najua hakuna hata mmoja wenu atakayeifanya. Ngozi ya mbuzi unailoweka, unaipaka majivu na chokaa mpaka manyoya yaachie, unaitandika juu ya gogo na kukwangua nyama iliyobaki upande wa ndani, halafu unaiosha mpaka mikono ife ganzi. Hapo bado hujafanya kitu. Ukiiacha ikauke inakuwa bati, ukiilowesha inaoza. Kinachoifanya iwe ngozi ya kuvaa mtu ni dawa unayoilowekea.

Sisi tulikuwa na dawa mbili. Magome ya miti ya porini tuliletewa kutoka njia ya Sikonge na watu waliokwenda kurina asali. Hayo yalitoa ngozi nyekundu, ngumu, nzuri kwa mikanda na ndoo za kisimani. Ya pili ilikuwa maganda makavu ya komamanga. Unayatwanga yawe chenga, unayaloweka, na ngozi inatoka laini, ya manjano kama ndizi iliyoiva. Makubadhi ya harusi hayakutengenezwa kwa kitu kingine.

Fundi Songoro alikuwa na namna yake ya kupima kama dawa imekolea. Alikuchovyea kidole, akakulambisha, kisha akasema, "Taja jina la baba yako." Ukilitaja vizuri, anaongeza maganda. Ulimi ukijikunja na jina la marehemu likatoka limevunjika, anatikisa kichwa na kusema, "Sasa tia ngozi." Marehemu baba nilimvunjia jina mara nyingi kwenye karakana ile. Mungu anisamehe.

Sasa, maganda hayo hatukuyataka sisi tu. Mikomamanga ilikuwa kwenye nyua za watu wa zamani wa mji, wale ambao babu zao walikuja na misafara, wakapanda miembe barabarani na mikomamanga nyumbani. Watu walikula punje kwa adabu, wametandika kitambaa, maana wazee walisema katika kila komamanga kuna punje moja iliyotoka peponi na hakuna anayejua ni ipi. Kwa hiyo hakuna iliyodondoshwa. Wangewaona ninyi mnavyotema wangelia. Maganda waliyaweka kwenye kapu nyuma ya mlango, na kapu hilo lilikuwa na wagombea wawili, Fundi Songoro na Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mkunga na mjuzi wa dawa za watoto. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya tembe, ile ya paa bapa la udongo, na juu ya paa hilo ndipo alipoanika vitu vyake vyote. Alikuwa mwembamba, mwenye jicho moja lililokuangalia na jingine lililokuwa linafikiria. Ganda la komamanga alilitumia kwa tumbo la kuharisha. Maji yake alikupa usukutue kama koo limevimba au fizi zinatoka damu. Aliyeinuka kutoka kwenye homa, hana hamu ya kula, alimnywesha maji ya punje kidogo kidogo mpaka akaomba ugali mwenyewe. "Watu wanatafuta punje ya peponi, ganda wanatupa," alikuwa akisema. "Peponi hakuna kuharisha. Ganda ndilo la dunia hii."

Siku moja nilimuuliza inakuwaje dawa yake na dawa yetu ya ngozi ni kitu kimoja. Akaniangalia kwa lile jicho la kuangalia. "Utumbo nao si ngozi? Tofauti yake uko ndani, na hauvaliwi kwenda harusini."

Kulikuwa na dawa nyingine ya mti huo aliyoificha, gome la mzizi, la kutoa tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni. Hilo hakumpa mjamzito wala mtoto, na mtu mzima alimpimia mwenyewe kwa kijiko na kumkalisha hapo hapo. Mpiga makaa mmoja wa reli alijifanya anajua, akachimba mzizi wake, akanywa mara mbili ya kipimo. Tegu hatukumwona. Ila yeye aliona treni mbili kwenye reli moja, akaketi chini karibu na stesheni na kukataa kuvuka mpaka zote mbili zipite. Alipona. Nawaambia haya ili asitokee mwerevu kati yenu akaenda kuuchimba mti wangu kwa jembe.

Turudi kwenye wizi. Mwaka huo mikomamanga ilizaa vibaya. Fundi Songoro aliitwa Ujiji kwenye msiba wa ndugu yake, akapanda treni akaniachia karakana na oda moja ya harusi, jozi saba za makubadhi ya manjano, za bwana, za bibi na za wazee wa pande mbili. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na mtoto wa miaka miwili, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeachiwa ufunguo. Nilitembea mjini nikiwa nimeuning'iniza shingoni ili watu wauone.

Ngozi zilikuwa tayari. Nilipofungua gunia la maganda nikakuta nusu pishi.

Nilikwenda kwa Bi Tatu. Kwanza niliomba kiungwana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu au kwa shida?"

Nikamweleza oda, nikamweleza Fundi hayupo, nikamwonyesha na ufunguo. Yeye alikuwa anachambua choroko, hakuinua kichwa.

"Mwanangu, mvua za kwanza ziko mlangoni," akasema. "Mvua zikija, maji machafu yanaingia visimani, nzi wanaingia vyomboni, na watoto wanaanza kuharisha. Maganda yaliyo juu ya paa langu si maganda. Ni watoto wa watu. Bwana harusi akivaa viatu vyekundu atakufa?"

Nikasema hatakufa.

"Basi nenda salama."

Mngekuwa ninyi mngeondoka. Najua, ninyi ni watu wema sana, isipokuwa kwenye maembe ya jirani. Mimi niliondoka nikiwa na hasira. Nilijiambia, huyu bibi anakalia takataka. Ni nani aliyewahi kushika ganda la komamanga akaliita mali? Na kijana aliyeachiwa ufunguo hawezi kumwambia Fundi wake kwamba alishindwa kwa sababu ya choroko za bibi kizee.

Nikangoja Ijumaa. Adhana ya adhuhuri ilipotoka na mtaa wote ukaelekea msikitini, Bi Tatu naye akiwa amekwenda kumtazama mzazi, mimi niligeuza kinu chake mwenyewe juu chini, nikapanda, nikakomba maganda yote kutoka juu ya paa na kuyatia guniani. Niliacha safu moja ya ukingoni, yale yanayoonekana ukiwa chini, na kwa jambo hilo nilijiona nina akili nyingi. Kinu nilikirudisha kilivyokuwa. Msikitini nilifika watu wakitoa salamu ya mwisho.

Lakini Mungu hakuwa na haraka nami. Vyungu vya Fundi Songoro vilikuwa vidogo kwa ngozi za jozi saba, na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Nyuma ya karakana kulikuwa na pipa la chuma ambalo rafiki yangu wa reli alinipa. Fundi alikuwa amekwisha kuniambia mara nyingi, dawa hii ni ya chungu cha udongo au mti, haipatani na chuma. Bi Tatu naye alikuwa anasema hivyo hivyo, hachemshi ganda kwenye sufuria. Mimi niliona ni mambo ya wazee. Wazee wana mambo mengi ya kukatazana, usipige mluzi ndani, usikalie kinu, usifagie jioni. Nikaliweka hili kwenye fungu hilo hilo. Nikatia maganda, nikatia maji, nikatia ngozi, nikakoroga kwa mikono mpaka viwikoni.

Asubuhi nilifunua pipa. Maji yalikuwa meusi. Ngozi zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu. Nikaosha, zikazidi kung'aa weusi. Mikono yangu ilikuwa hivyo hivyo, kucha, viganja, mistari yote. Nilisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu. Weusi ule haukuwa mgeni, ulikuja kuhamia.

Siku ya tatu akapita Bi Tatu karakanani. Alisimama mlangoni, akanitazama usoni, kisha akatazama mikono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mikono ina nini?"

"Wino, bibi."

"Umeanza kusoma ukubwani," akasema. "Hongera."

Akaenda zake. Hakurudi wala hakunitaja kwa mtu.

Fundi Songoro aliporudi alilitazama pipa, akazitazama ngozi, akanitazama mimi, akakaa chini. Sauti yake ndefu ilikuwa imepotea. Bibi harusi hakuweza kuvaa makubadhi meusi, akaazimwa ya shangazi yake, akaolewa salama, na nasikia walizaa watoto tisa. Mtu pekee aliyefurahi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuja na chupa tatu na kuchota maji ya pipa. Alisema wino mzuri kama ule hajawahi kuupata, na akaniuliza nitaharibu tena lini. Fundi aliniachisha kazi ya kuloweka, akanishonea jozi moja kutoka ngozi zile na kuniamuru nizivae kila siku nikiwa kazini. Nilizivaa miaka mitatu. Hakuniuliza maganda niliyatoa wapi, na mimi sikumwambia.

Nilidhani imekwisha. Makosa mengi huwa yanakuacha hivyo, unapumua, unacheka, unamsimulia rafiki nusu ya hadithi.

Mvua zikaja. Wiki ya pili, Hadija wangu alianza kuharisha. Asubuhi mara tatu, mchana hatukuhesabu tena. Alikuwa mtoto wa kelele, ndiye aliyetuamsha badala ya jogoo, na sasa alikuwa kimya kwenye mapaja ya mama yake, midomo imekauka. Kimya kile kilinitia hofu kuliko kilio chochote.

Mke wangu Zena akasema, "Baba Hadija, unangoja nini? Nenda kwa Bi Tatu. Ana maganda, nimeyaona mimi mwenyewe juu ya paa."

Sikuinuka.

"Hayapo," nikasema.

"Umejuaje?"

Zena alinitazama, kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye mikono yangu, ambayo alikuwa ameilalamikia tangu siku ya pipa kwamba inachafua mashuka. Yakakaa hapo. Mke wangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akajitanda kanga, akatoka kwenye mvua, na mimi nikamfuata nyuma na makubadhi yangu meusi yakinyonya tope. Nimepita njia nyingi maishani, nimekwenda Usinge kwa baiskeli wakati wa masika, lakini njia ndefu kuliko zote ni ile ya nyumba kumi kutoka kwetu mpaka kwa Bi Tatu.

Alitufungulia, akampokea mtoto kabla ya kutusalimu. Akamfinya ngozi ya tumbo, akatazama kama inarudi upesi, akatazama macho. "Amekojoa leo?" Zena akasema kidogo, asubuhi. "Basi bado tuna nafasi."

Ikabidi niseme. "Bibi, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Alijua. Alitaka nitaje mwenyewe, na Zena asikie.

"Niliyechukua maganda. Ijumaa ile. Nilipanda juu ya kinu chako."

"Kinu nilikiona kina alama ya kiatu," akasema. "Endelea."

"Nimekuja kuomba na hakuna cha kuomba. Nimekimaliza mwenyewe." Hapo nililia, wajukuu zangu, na sioni haya kuwaambia. Nililia mbele ya mke wangu na ya bibi niliyemwita kichwani mwangu bibi wa takataka.

Bi Tatu alimrudishia Zena mtoto. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta kikapu kidogo chenye kifuniko. Ndani kulikuwa na maganda makavu, mekundu, yaliyopangwa vizuri.

"Hili ni fungu la mwizi," akasema. "Kila mwaka nikianika maganda, fungu moja halipandi juu ya paa. Mwizi naye ana watoto. Sasa mtoto akiugua nimwambie nini? Kwamba dawa yako baba yako aliivaa miguuni?"

Akanipa kinu na mchi, kinu kile kile. "Twanga. Mikono hiyo haitazidi kuchafuka."

Alichemsha kwenye chungu cha udongo, akapoza, akampa mtoto kijiko kimoja, si zaidi. Lakini kilichomshughulisha zaidi kilikuwa maji. Alichemsha maji mengine, akatia chumvi kidogo ya kubana kwa vidole na asali ya Sikonge, akamwagiza Zena ampe mtoto kidogo kidogo bila kuchoka, hata akitapika, angoje kisha ampe tena. Akatuambia, na mimi nawaambia ninyi msisahau: ganda linafunga mlango, lakini mtoto anaishi kwa maji. Macho yakididimia na mkojo ukikatika, usimsubiri Bi Tatu wala babu yako, mkimbize hospitali.

Siku ya tatu alfajiri nilisikia kelele. Hadija alikuwa amekaa, anapiga sahani kwa kijiko, anadai uji. Nilisimama nikamsikiliza, sikumkataza. Ndiye huyo huyo shangazi yenu Hadija anayewafukuza jikoni mwake. Mkitaka kujua kwa nini simkatazi kugombeza, ndiyo sababu.

Fungu lile lilikuwa dogo. Lilimtosha Hadija na watoto wengine wachache wa mtaa. Kama kuna mtoto aliyekuja baada ya hapo akakuta kikapu kitupu, sikuuliza, na Bi Tatu hakunieleza. Nimezeeka bila kuuliza. Hilo bado linaniuma.

Malipo aliyonitoza ni mawili. Kila mwaka, gunia la kwanza la maganda lilipofika karakanani, nilibeba sehemu yake mwenyewe mpaka kwake kabla Fundi hajaligusa. Na nilipofanya hivyo miaka mitatu, na makubadhi meusi yakachakaa, alinikatia tawi la mkomamanga, akaniagiza nilipande, akanionyesha namna. Huo ndio mti mnaoukwea.

Jana mlipoondoka nilichukua fimbo yangu, nikaenda jalalani nikaokota maganda yenu yote. Nimeyaosha, nimeyaanika juu ya bati. Mengi ni ya paa. Machache nimeyaweka pembeni.

Na kuna mmoja wenu, simtaji, anayechuma kwenye mti wangu wakati wa swala ya Ijumaa akidhani nimekwenda msikitini. Ijumaa iliyopita sikwenda. Goti liliniuma, nilikuwa dirishani. Nilikuona ukigeuza ndoo yangu juu chini ili upande, na nilikuona ukiirudisha ilivyokuwa, ukajiona una akili nyingi. Sitakuuliza kitu. Fungu lako liko chini ya kitanda changu, kwenye kikapu chenye kifuniko. Siku mwanao akiugua, usisimame mlangoni ukitazama mikono yako. Ingia tu, na uje na chungu cha udongo.